Kumwagia kulungu mahindi kisha kumpiga risasi: huo ni uwindaji au ni kuchinja?

Mjukuu wa Gobore (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Nina jambo limenikwama kooni tangu Jumapili iliyopita na nyumbani sina wa kulijadili naye. Mke wangu kashanimaliza: "Nyama imejaa friza, unalalamika nini tena?"

Nipo Texas mwaka wa tisa. Msimamizi wetu wa zamu ni mzee wa Kizungu, tumeshibana, na kila Novemba hupotea wikiendi nzima akarudi na soseji za kulungu. Mwaka huu akaniambia twende wote. Nikafanya kozi ya usalama wa bunduki, nikakata leseni, tukaenda Llano County, kaskazini-magharibi mwa Austin, nchi ya mawe na mialoni mifupi. (Nasema kulungu kwa kukosa neno. Kulungu wetu ana pembe za kujisokota na hazidondoki. Huyu wa huku pembe zake zina matawi, hudondoka kila mwaka na kuota upya. Kanisani tunamwita ayala, lakini nikisema nimeua ayala mtanicheka.)

Kwa asiyejua mambo ya huku: zaidi ya asilimia 90 ya ardhi ya Texas ni ya watu binafsi. Huwezi kubeba bunduki ukaingia msituni tu. Watu huchanga, wakakodi haki ya kuwinda kwenye ranchi ya mtu kwa mwaka mzima. Mzee na wenzake watano ndivyo walivyofanya.

Saa kumi na moja alfajiri tumeshapanda kibandani. Ni dungu kabisa, kama lile la kulindia mpunga, ila hili lina madirisha, kiti cha ofisi kinachozunguka na jiko dogo la gesi la kupashia miguu. Mbele yetu, mita themanini hivi, kuna pipa limesimama kwa miguu mitatu. Nikauliza lile nini. Akasema fida. Ndani kuna mahindi makavu, chini kuna betri, saa na kisahani kinachozunguka.

Saa moja kamili asubuhi pipa likanguruma kwa sekunde sita. Mahindi yakaruka pande zote. Kabla vumbi halijatulia, kulungu saba walikuwa wameshatoka vichakani. Wanakuja mbio, wakuu! Kama kuku waliosikia mama anagonga sufuria.

Nikampiga jike mmoja. Akaanguka palepale, hakutembea hata hatua kumi. Mzee akanipa mkono. Usoni natabasamu, moyoni natafuta jina la nilichokifanya na silipati.

Babu yangu kule Inyonga, Katavi, alikuwa msasi wa gobore. Alifuata nyayo siku nzima, akarudi mikono mitupu mara tatu kabla ya kurudi na pofu, yule swala mkubwa, mara moja. Siku akirudi na nyama, kijiji kizima kinasikia. Mimi nimekaa kwenye kiti cha ofisi, nimekunywa kahawa, mnyama kaletwa na saa. Wamarekani wenyewe wana neno lao kwa ajili ya hili: uwindaji wa haki, yaani mnyama awe na nafasi ya kweli ya kukuponyoka. Klabu ya Boone and Crockett, aliyoiasisi Theodore Roosevelt na wenzake mwaka 1887, imekuwa ikilihubiri tangu enzi hizo. Sasa mnyama aliyezoeshwa pipa miezi mitatu ana nafasi gani?

Mzee nilimuuliza tukiwa tunachuna. Akasema kama fida inaniumiza roho, mwakani tupande kishamba: eneo la nusu ekari, unalima, unapanda klova (majani ya malisho ya jamii ya kunde), ngano, kunde, kulungu wanakuja kula wenyewe. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa zaidi. Pipa la mahindi ni udanganyifu, shamba la kunde ni heshima? Si chambo vyote?

Naomba maoni. Wasiopenda uwindaji kabisa nawaheshimu, ila mfungue uzi wenu.

Mchokozi wa Buza

Kwa hiyo kulungu wa Texas anamwagiwa mahindi saa moja kamili asubuhi, na mimi Buza nimepanga foleni ya unga. Nimeelewa. Naomba namba ya ubalozi.

Baba Furaha

Ndugu zangu, miye niko Abilene, hapa hapa Texas. Nilikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, miaka kumi na moja kabla ya kufika huku.

Mjukuu, uliposema pipa linanguruma saa moja na kulungu wanakuja mbio, miye sikuwaza kuku. Niliwaza siku ya mgao. Kambini sisi wote tulijua siku, tulijua saa, tulijua mlango. Mutu akitaka kumupata mutu yeyote wa kambi, awe polisi, mdai au mke aliyekimbiwa, alingoja tu pale kwenye mgao. Hakuna haja ya kufuata nyayo. Mahindi yenyewe yalikuwa ya njano vile vile.

Kwa hiyo sikudanganyi, ile kitu ni mtego. Lakini hata miye nawinda kwenye fida ya jirani yangu na sina aibu. Nina watoto sita. Kulungu mmoja jike ananipa kama kilo ishirini za nyama safi isiyo na mafuta. Babu yako alirudi mikono mitupu mara tatu, na hizo mara tatu nyumbani walikula nini? Munasifu njaa ya wazee kwa sababu hamukuila ninyi.

Lansing Baridi

Mimi nipo Michigan, na mjadala wa "heshima" kwetu ulishapitwa na wakati. Kwetu ni ugonjwa.

Zamani kaskazini-mashariki mwa jimbo hili, upande wa Alpena, watu walikuwa hawamwagi mahindi kwa pipa. Walikuwa wanamwaga kwa lori. Karoti, viazi sukari vya kiwandani, tofaa zilizooza, rundo linafika kiunoni. Kulungu wanakula pua kwa pua majira yote ya baridi. Mwaka 1994 mwindaji mmoja akapiga kulungu, akafungua kifua, akakuta mapafu yana vinundu. Kifua kikuu cha ng'ombe. Kikakutwa kwa kulungu wengine, kikaingia kwenye mazizi, na mpaka leo wafugaji wa kaunti zile wanapimiwa ng'ombe wao wakati wenzao wa kwingine hawasumbuliwi. Sisi tuliokulia kwenye maziwa ya kuchemsha tunajua kwa nini bibi alikuwa anachemsha.

Halafu ukaja ugonjwa mwingine wa kulungu, wa kudhoofika, huku wanauita CWD. Uligunduliwa kwanza Fort Collins, Colorado, mwaka 1967, kwa kulungu waliofugwa kwenye kituo cha utafiti. Hausababishwi na kirusi wala bakteria. Ni protini ya mwilini inayojikunja vibaya, inaitwa prioni, ndugu wa ule wazimu wa ng'ombe uliotikisa Uingereza. Mnyama anakonda, anadondosha mate, anasimama kama amesahau alikokuwa anakwenda, anakufa. Haponi hata mmoja. Na hizo prioni zinatoka kwa mate, mkojo na kinyesi, zinakaa udongoni miaka. Sasa fikiria pale chini ya pipa lako, Mjukuu: mita kumi za mraba, kulungu saba kila asubuhi na jioni, wote wanaramba udongo uleule.

Michigan waliukuta kwa kulungu wa porini mwaka 2015, karibu na hapa ninapoishi. Tangu mwisho wa Januari 2019 kumwaga chambo kumepigwa marufuku rasi yote ya chini, yaani nusu ya kusini ya jimbo. Rasi ya juu bado wanaruhusu kiasi, galoni mbili tu na zitawanywe. Kwenu Texas uliingia 2012, kule milima ya mpakani na New Mexico, na 2015 ukakutwa kwenye shamba la kufuga kulungu. Mpaka sasa hakuna mtu aliyethibitishwa kuupata kwa kula nyama, lakini mamlaka za afya zinasema mnyama akipimwa akakutwa nao usimle. Je, ulimpima yule jike wako?

Mjukuu wa Gobore

Sikumpima. Mzee alisema eneo lile halimo kwenye ukanda wa lazima. Nimempigia simu sasa hivi, anasema kichwa kilishatupwa shimoni na mapaka pori yameshakula. Mke wangu kasoma ujumbe wa Lansing begani mwangu. Usiku huu tunakula maharage.

Shangazi wa Limuru

Hehe, Mjukuu, usimtupie mama wa watu nyama yote sababu ya uzi mmoja. Ila wakati mwingine pima.

Mimi ninataka kuongea juu ya hicho kishamba, kwa sababu hapo ndipo kuna kichekesho ambacho hamkijui. Mwaka jana nilitembelea binti yangu huko San Antonio. Tukapita duka la wakulima, nikaona gunia lina picha ya dume la pembe kubwa, nikasoma kando: lablab. Nikamwambia binti fungua simu uangalie ni nini. Ni njahi! Njahi yenyewe, ile tunampikia mama akishajifungua ili apate maziwa. Watanzania nafikiri mnaita fiwi, wengine ngwara. Wamarekani wanapandia kulungu.

Na si hayo tu. Aina moja maarufu inaitwa Rongai, na jina hilo limetoka Rongai kwetu Kenya. Mbegu zilichukuliwa huko, zikapelekwa Australia, zikatolewa rasmi kwa wakulima mwaka 1962, zikasambaa dunia. Baadaye watu wa chuo kikuu cha kilimo cha Texas wakatoa aina yao, Rio Verde, mwaka 2006. Kwa hivyo kulungu wa Llano anakula chakula cha mzazi kutoka Bonde la Ufa na hakuna mtu amemwambia asante.

Sasa swali lako, kama kishamba na fida ni kitu kimoja. Mimi ni mkulima, nitakujibu kikulima. Mahindi ya fida hayana maana kwa mnyama. Ni wanga mtupu. Mbuzi akivunja ghala akala mahindi mengi ghafla anafura na kufa, na kulungu tumbo lake ni vile vile: yule aliyekula matawi majira yote ya baridi ukimwaga mahindi mbele yake, asidi ya tumbo inamuua na tumbo limejaa. Njahi, kunde, klova, hizo zina protini, zinamjenga miezi mitano sita, mama ananyonyesha, mtoto anakua. Mwindaji akija Novemba anakula faida. Hicho ni kilimo, bwana. Fida ni peremende.

Na kitu kingine. Mahindi yakikaa kwa pipa, mvua ikaingia, yanaota ukungu. Sisi Wakenya hatuhitaji kuelezwa sumukuvu. 2004, Makueni, Kitui na wilaya za jirani, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye hiyo sumu. Ndege wanaookota chini ya fida, kwale na bata mzinga wa porini, miili yao ni midogo kuliko yetu.

Mchokozi wa Buza

Shangazi, kwa hiyo nikitaka kupata maziwa mengi nimnyonye kulungu wa Texas?

Mfuata Nyayo

Nimesoma kimya kimya toka juu. Mimi nilifuata nyayo kwenye vitalu vya uwindaji wa kitalii miaka kumi na nne, Rukwa na Rungwa. Nimebeba bunduki za watu wenye pesa kuliko wilaya yangu.

Kwanza, Watanzania wenzangu msijifanye hamjui chambo. Chui hapigwi kwa kufuata nyayo. Utamfuata mpaka uzeeke. Tunaning'iniza paja la swala au pundamilia kwenye tawi la kulala, upande ambao jua la jioni litabaki nyuma yake, tunajenga kibanda cha nyasi mita sitini, mgeni anakaa humo haruhusiwi hata kukohoa. Siku tano, sita, kumi. Na kuna sababu ya kisheria ya kufanya hivyo: chui anayeruhusiwa ni dume tu. Simba naye lazima awe dume aliyetimiza miaka sita. Utajuaje umri wa simba anayekimbia kwenye nyasi? Chambo kinakupa dakika ishirini za kumtazama shingo, pua, meno, mapumbu. Bila chambo mgeni anapiga kivuli, halafu tunakuta jike ana maziwa. Nimeliona hilo kwa macho yangu na sitaki kulisimulia.

Kwa hiyo hoja kwamba chambo kinamnyima mnyama haki mimi siikubali yote. Inategemea unatumia zile dakika kufanya nini. Mjukuu, ulipowaona wale saba ulichagua? Au ulimpiga wa kwanza kuinua kichwa?

Pili, na hapa utanisamehe kwa sababu naongea juu ya marehemu. Umesema babu yako alikuwa Inyonga, msasi wa gobore. Mimi nimekulia upande huohuo. Wazee wa kule, nyasi zilipokauka mwezi wa sita, walikuwa wanafanya nini kwenye mbuga zilizo jirani na kijiji? Walitia kiberiti. Kipande kidogo, mapema, kabla nyasi hazijawa kavu sana. Wiki mbili tatu baadaye majani mabichi yanachipua peke yake katikati ya nchi kavu, na kila kongoni na korongo (swala, si ndege) wa eneo lile anajua mahali. Mzee anakwenda kukaa kwenye kichuguu upande wa chini ya upepo. Mkuyu ukizaa, anakaa chini ya mkuyu. Sehemu ya chumvi anaijua kama anavyoijua jiko la mkewe.

Gobore linapiga mita thelathini, ukibahatika arobaini. Hakuna mtu aliyemkaribia kongoni kwa mita thelathini kwa kufuata nyayo peke yake kila wiki. Walimleta. Kiberiti kilikuwa kishamba chao.

Mjukuu wa Gobore

Mkuu, umenikalisha chini.

Nimempigia baba usiku wa kuamkia leo, kule ni asubuhi. Nikamuuliza kama babu alikuwa anachoma nyasi. Akacheka mpaka akakohoa. Anasema kila mwaka, na mwaka mmoja moto ulimtoroka ukala ghala la jirani, kesi ikaenda mpaka kwa mtemi. Hiyo hadithi sikuwahi kusimuliwa. Nilisimuliwa tu ile ya pofu.

Na swali lako la kuchagua: nilimpiga wa kwanza kuinua kichwa. Ulipouliza ndipo nilipojua kinachonisumbua siku zote hizi. Dakika zile nilipewa, nikazila kama kulungu anavyokula mahindi.

AbuSalim

Assalaam alaykum. Nipo Houston, asili yangu Lamu. Mimi naunga mkono fida, tena kwa sababu ambayo hapa haijatajwa.

Kwetu Waislamu nyama ya mawindo ina masharti. Unataja jina la Mwenyezi Mungu unapofyatua, risasi itoboe, na ukimfikia mnyama akiwa bado ana uhai ulio imara lazima umchinje. Masheikh wengi wa zama hizi wanakubali bunduki kwa masharti hayo. Sasa mnyama uliyempiga akiwa anakimbia mita mia mbili, akaingia vichakani, ukamtafuta saa tatu ukamkuta amekufa ndani ya dimbwi la maji, unamlaje? Hujui kilichomuua ni risasi yako au ni maji. Shaka imeingia. Nimeiacha nyama nzima namna hiyo mara moja, nikarudi nyumbani na machozi.

Kwenye fida mnyama amesimama, ametulia, umbo zima unaliona. Risasi inakwenda nyuma ya bega, unamfikia ndani ya dakika mbili. Rehema kwake, utulivu kwako. Ihsani katika kuchinja ni amri, na kufuata nyayo si amri. Anayetaka mazoezi akimbie ufukweni.

Wakili wa Porini

Niongeze upande wa sheria kwa sababu watu wanachanganya majimbo, na faini za huku hazina huruma.

Texas kwenye ardhi binafsi fida ni halali. Ardhi ya umma ni hadithi nyingine, msijaribu. Ohio na Kansas ardhi binafsi kwa kawaida ruksa. Minnesota, Iowa, Illinois kumwaga chambo kwa ajili ya kulungu ni kosa. Wisconsin inategemea kaunti na ugonjwa umefika wapi. Georgia walikuwa wamekataza, wakalegeza kusini 2011, na 2018 jimbo zima. Yaani ukivuka daraja unatoka kuwa mwindaji unakuwa jangili, na gunia ni lilelile.

Lakini kishamba? Karibu kila jimbo linaloharamisha pipa linaruhusu kishamba, kwa sababu kinahesabika ni kilimo cha kawaida. Mahindi yakiwa yamesimama kwenye bua ni mazao. Ukiyapukuchua ukayamwaga palepale ni chambo. Na kwa bata wa kuhama sheria ni ya nchi nzima, si ya jimbo: chambo kimepigwa marufuku tangu 1935, na hata ukikiondoa chote, eneo hilo linahesabika lina chambo kwa siku kumi zaidi. Kwa hiyo, Mjukuu, kama kuna bwawa karibu na lile pipa lenu na mzee wako anapenda bata, mwambie ahesabu siku zake vizuri.

Kuna na jambo la kodi ambalo wenye ranchi hawawaambii wageni. Texas mwenye ardhi akionyesha kwamba anatunza wanyamapori, kodi yake ya ardhi inakaa chini kama ya mfugaji. Anatakiwa afanye angalau mambo matatu kati ya saba yaliyoorodheshwa, na mojawapo ni kuwapa wanyama chakula cha ziada. Ukiona pipa, usidhani kila mara limewekwa kwa ajili ya kulungu.

Lansing Baridi

Shangazi, kuhusu kishamba kuwa kilimo, nakubali nusu. Ekari moja ya njahi inatawanya midomo, pipa linaikusanya. Hilo liko wazi. Lakini prioni hazisomi sheria ya kilimo. Mwaka 2015 watafiti wa Houston walionyesha maabara kwamba nyasi kama za ngano na shayiri zinaweza kushika prioni na hata kuzivuta kutoka udongoni. Ukipanda palepale kila mwaka na kulungu walewale wanajisaidia palepale, umejenga pipa pana tu.

AbuSalim, hoja yako ndiyo ngumu kuliko zote kwangu na sina jibu zuri. Ila nikuulize: hao walio kwenye fida kweli wanatulia? Kwetu kabla ya marufuku walianza kuja usiku tu. Wamejifunza. South Carolina wataalamu walilinganisha upande wa jimbo uliozoea kuwinda kwa chambo na upande ambao kilikuwa kimekatazwa, wakakuta usio na chambo ndio ulikuwa unaua kulungu wengi zaidi kwa ukubwa wa eneo. Watu wananunua magunia ili kulungu wawe wa usiku.

AbuSalim

Wa kwetu bado wanakuja mchana, alhamdulillah. Labda wa Michigan wamesoma.

Baba Furaha

Wanakuja mchana kwa sababu usiku zamu ni ya nguruwe pori. Kamera ya jirani yangu: saa mbili usiku hadi saa kumi alfajiri, nguruwe kumi na wanane. Wanalala chini ya pipa kama wamelipa kodi. Kwa magunia matano ya mahindi, matatu wanakula nguruwe, moja rakuni, moja ndio ya kulungu. Amezungushia waya, nguruwe wameinua waya kwa pua.

Mfuata Nyayo

Hao nguruwe ndio mngewinda. Hapo hakuna atakayewauliza heshima.

Mjukuu wa Gobore

Nimerudi wakuu, na ripoti ninayo.

Wikiendi hii nilimwambia mzee sitakaa kwenye dungu la fida. Akanitazama kama mtu aliyekataa pilau. Nikaenda kukaa peke yangu kwenye kijito kikavu, mita mia nne hivi kutoka pipani, mgongo kwenye mwaloni, upepo usoni. Hakuna kiti wala jiko la gesi. Ile baridi ya mawe inapanda kwenye mifupa ya makalio, hamjawahi kuiona.

Saa moja kasoro dakika kumi nikamsikia wa kwanza. Halafu wa pili. Wanapita kwenye njia ya kijito, mita ishirini na tano kutoka kwangu, mmoja nyuma ya mwingine, majike matatu na watoto wawili. Moyo unapiga mpaka nahisi wataisikia. Nikasema hapa sasa, babu tazama. Nikaanza kuchagua kama Mfuata Nyayo alivyosema: huyu ana mtoto, huyu mdogo, huyu wa nyuma ndiye.

Ndipo pipa likanguruma kule mbali. Wote wakainua masikio, wakaondoka mbio kuelekea mahindini. Nikabaki na bunduki begani natazama mikia myeupe. Njia ile nzuri niliyojisifia kuisoma, nyayo zote zile, ilikuwa njia ya kwenda mezani. Dakika tano baadaye nikasikia risasi moja. Mzee.

Kichwa tumekipeleka kupimwa safari hii. Majibu bado.

Jioni tumekaa kwenye moto nikamsimulia habari ya babu na kiberiti, na ya njahi kutoka Rongai. Ile ya ghala la jirani kuungua ilimpendeza kupita kiasi, akanifanya nirudie mara mbili. Amekubali mwezi wa tano tulime nusu ekari upande wa kijito na pipa tulizime tuone. Wenzake watano bado hawajaambiwa, na wawili kati yao wana hisa kwenye lile pipa kuliko kwenye nyumba zao.

Shangazi, hiyo njahi inapandwaje kwenye udongo wa kichanga wenye mawe?

Shangazi wa Limuru

Ngoja udongo upate joto kwanza, usipande na baridi. Palilia mara mbili za kwanza tu, baadaye inajifunika yenyewe. Lakini nusu ekari ni kidogo sana kwa hao wanyama wako. Wataimaliza ikiwa na majani manne, hutaona hata ua moja. Zungushia waya wa umeme majuma sita au manane ya kwanza, ikishatambaa ndio ufungue.

Na uniwekee mbegu kidogo kabla hujafungua. Binti yangu anajifungua Agosti.